"Ufalme wako ufike"... sawa, ukifika utafikia kwa nani?

Mwalimu_wa_Mikindani

Bwana asifiwe wapendwa. Naomba mnisaidie maana nimeaibishwa na mtoto wa miaka 10 na sijui Jumapili naingia vipi darasani.

Mie nafundisha sande skuli huku Mikindani, Mombasa, wale wa miaka 9 hadi 12. Jumapili iliyopita tulikuwa kwa Sala ya Bwana, mstari kwa mstari, tumefika Mathayo 6:10. Sasa darasani kuna watoto mama zao ni Wakatoliki, wanakuja kwetu kwa sababu ya biskuti nadhani, na hao hawasemi "ufalme wako uje", wao wasema "ufalme wako ufike". Nikawaambia ni kitu kimoja, hata nyanya yangu kule Bura alinifundisha hivo hivo. Ndio kijana mmoja, yule asiyetulia, akainua mkono akaniuliza, "Ticha, ukifika utafikia kwa nani?"

Darasa zima likacheka na mie nikacheka. Halafu nikamwangalia nikaona huyu hatanii, kwao haupiti mwezi bila binamu ama mjomba kutoka bara kuja kutafuta kibarua na lazima afikie kwa mtu. Nikamjibu mbio mbio, utafikia moyoni. Akaniuliza, moyo wa nani? Kengele ikaniokoa.

Tangu siku hiyo sina raha. Maneno haya nayasema tangu sijang'oka meno ya utoto, nimeyasema harusini, matangani, nimeyasema ndani ya matatu pale Makupa dereva akishapandwa na wazimu, na sijawahi kukaa nikajiuliza kwani naitisha nini. Kama ni Yesu kurudi, niseme ukweli kwa vile hapa hamnijui, mie sitaki arudi mwezi huu, nina nyumba Mtwapa haijapigwa plasta na binti yuko kidato cha nne. Kama ni mambo ya moyoni tu, mbona twasema "hapa duniani"? Na kama ufalme ni kanisa basi kanisa lishakuja, tena kila kona lipo na mahema yake, twaendelea kuliitia nini?

Nijibuni kama mtu wa kawaida, sikusomea thiolojia.

MotoWaMadhabahu

Mwalimu usihangaike bure. Ufalme ni MAMLAKA. Ukisema ufalme wako uje hauombi kama maskini, unatamka, unatwaa mji!! Sisi kwa kesha yetu ya Ijumaa twazunguka mtaa na spika tukiutangazia kuwa ni wa Yesu, soko, bandari, ofisi za kaunti, vyote. Biashara zishikwe na watu wa Mungu, viti vishikwe na watu wa Mungu, hapo ufalme umekuja. Mwambie huyo mtoto utafikia ikulu. Nipeni Amina

Chumvi_ya_Bahari

Amina siitoi bado, subiri kwanza.

Mie naishi Majengo, ukuta mmoja na familia ya Kiislamu. Ramadhani haipiti bila sahani ya kaimati na viazi karai kuvuka kuja kwangu, na Krismasi sahani yao hairudi tupu. Sasa wewe Moto ukipita saa nane za usiku na spika ukitangaza mtaa umetwaliwa, yule mama aelewe nini? Ataelewa amenyang'anywa. Na kusema kweli hata mie ningeelewa hivo.

Tena mji huu ulishatwaliwa kwa jina la Yesu zamani, kwani hujapita pale mbele ya Fort Jesus? Mwaka 1593 Wareno wakaanza kuijenga, mfalme wao wakati huo ni Philip, mtu mmoja mwenye taji la Uhispania na la Ureno kichwani, ngome wakaipa jina la Yesu na mizinga ikatazama bahari. Kanisa likawekwa humo humo ndani. Haikufika miaka 40, mwaka 1631, sultani waliyembatiza wao wenyewe huko Goa, India, Yusuf bin Hasan waliyemwita Dom Jerónimo, akawageukia akamuua kapteni wao, na Wakristo waliokataa kuacha imani wakauawa, hao siwachezei, Mungu awalaze pema. Wareno wakarudi. Kisha Waomani wakaizingira kuanzia Machi 1696, watu wakafa humo ndani kwa njaa na magonjwa, mpaka ikaanguka Disemba 1698. Waingereza nao wakaja wakaifanya jela hadi 1958. Na mjue neno "gereza" wenye kuchambua lugha wasema limetoka kwa Wareno, "igreja", maana yake KANISA. Hebu kaa na hilo kidogo. Kanisa la ndani ya ngome ndilo lililotuachia jina la jela.

Jina mlangoni lilikuwa la Yesu, ufalme ulikuwa wa Philip. Ndio maana nikisikia "tutwae mji" nywele zanisimama.

Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Mwalimu, huyo mtoto mtunzeni vizuri. Mimi nimefundisha katekisimu miaka mingi na hakuna aliyeniuliza hivyo, wote walikariri tu wakapata kipaimara wakaenda zao.

Tuanze na neno lenyewe maana lugha yetu imetusaidia na hatujui. Ufalme ni kama ulezi, kama uongozi, kama uzazi. Kwanza ni ile hali ya mfalme kuwa mfalme, yaani kutawala kwake, ndipo baadaye tukaliita hivyo hata eneo analolitawala. Kigiriki cha Injili ni basileia, nalo hubeba yote mawili vilevile. Kwa hiyo huombi kipande cha ardhi kishuke kutoka mawinguni, unaomba Mungu atawale. Na sala yenyewe inajifafanulia hapo hapo, haikuachi unakisia, mstari unaofuata tunasema "utakalo lifanyike duniani kama mbinguni", ninyi mwasema "mapenzi yako yatimizwe". Nyanya yako wa Bura alikuwa na jibu lote mdomoni. Pale ambapo analotaka Mungu linafanyika, hapo anatawala, iwe ni chumba kimoja cha kupanga, iwe ni wilaya nzima.

Sasa umekuja au haujaja? Marko 1:15 Yesu anasema umekaribia. Luka 11:20 anasema kama natoa pepo kwa kidole cha Mungu basi ufalme umeshawajilia. Na katika sura ile ile ya 11, mwanzo mwanzo hapo, ndiye aliyewafundisha waombe uje. Huyo hajipingi. Mimi mtu wa shamba, nalitazama kama mvua ya masika. Mvua ya kwanza imenyesha, watu wa Rabai wameshapanda mahindi, majani yameanza kuonekana. Ukisema masika hayajaja utakuwa mwongo, na ukisema tumeshiba utakuwa mwongo zaidi. Kuna mfano Marko peke yake ndiye anao, 4:26, mtu anapanda mbegu, analala, anaamka, mbegu inaota na yeye hajui inavyoota. Ajabu kuu ni kuwa yule mkulima KULALA analala. Hakeshi shambani kuivuta miche kwa mkono.

Nitamtaja Martin Luther hapa, yule wa Waprotestanti, Baba Paroko asipite humu akaniona. Mwaka 1529 aliandika katekisimu ndogo kwa ajili ya watoto na watu wa nyumbani, na kwenye ombi hili akasema ufalme wa Mungu huja wenyewe hata tusipoomba, ila twaomba uje KWETU pia. Sasa rudi kwa mtoto wako. Aliuliza utafikia kwa nani. Jibu la ombi hili ndilo hilo, mwenye kuomba anasema, ukifika mjini fikia kwangu.

Kuhusu plasta. Usione haya. Biblia inafunga kwa "na uje, Bwana Yesu", na Paulo alipowaandikia Wakorintho kwa Kigiriki aliliacha neno la Kiaramu kama lilivyo, Maranatha, Bwana wetu njoo, kwa hiyo kurudi kwake kumo ndani ya ombi hili, huwezi kukutoa. Lakini nimekaa na watu wengi wakisali. Mwenye nyumba ya kumalizia hulisema polepole. Aliyezika mtoto, aliyefungwa kwa kesi ya kusingiziwa, huyo hulisema mbio. Ndiyo sababu sala ni "Baba yetu" na si "Baba yangu", unawasemea na wale.

MotoWaMadhabahu

Mzee heshima yako, hiyo ya spika usiku nimesikia, nitaongea na kiongozi wa kesha. Lakini msinifunge mdomo kabisa. Kwetu kuna mayatima walinyang'anywa shamba la marehemu baba yao na mtu anayekaa kiti cha mbele kanisani, kila Jumapili anasema ufalme wako uje kwa sauti kuliko sote. Sasa tukisema ni mambo ya polepole, mbegu inaota yenyewe, si huyo ndiye anafurahi? Mie ndio nataka watu wa haki wawe ofisini!

Katekista Mstaafu

Hapo umesema kweli na nakurudishia Amina yako. Warumi 14:17, ufalme wa Mungu si kula wala kunywa, bali ni haki na amani na furaha katika Roho Mtakatifu. Haki imetajwa ya kwanza. Ila usisahau yule wa kiti cha mbele naye ni "mtu wa Mungu" aliyeshika kiti.

Chumvi_ya_Bahari

😂😂 mzee amemaliza. Lakini Moto, kwa hao mayatima niko na wewe, nitumie ujumbe pembeni, nina mtu anajua mambo ya ardhi

mamaMkubwa_Kisauni

Wanangu mie Kigiriki sikijui, wacha niwaambie la jikoni.

Mwanangu alioa mwaka juzi akamleta mkewe hapa nyumbani. Mie saa kumi na moja alfajiri niko magotini, Baba yetu naisema yote wala siruki. Saa kumi na mbili nachukua ufunguo nafungua friji nampimia mkaza mwana wangu maziwa. Ndio, friji yangu ilikuwa na kufuli, chekeni. Unga napima kwa kikombe, nazi nazihesabu, sukari iko chumbani kwangu chini ya kitanda. Na sikuwa namchukia yule mtoto wallahi, naona tu nyumba lazima iwe na mwenyewe.

Siku moja nimemaliza kuomba, bado niko pale chini goti lanikataa kuinuka, namsikia jikoni amwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Ngoja malkia aamke tuombe sukari." Hakusema kwa ubaya. Alisema vile mtu anavyosema mvua inakuja. Hiyo ndio iliyoniuma, ingekuwa tusi ningemjibu.

Nikabaki palepale chini. Maneno hata mdomoni hayajapoa, ufalme wako uje, na wangu mie uko mzima, una kufuli, una na raia wawili. Sasa wa Mungu ukija ungekaa wapi na kiti nimekikalia mie?

Msidhani nilitoka pale nikautupa ufunguo baharini. Ilinichukua wiki 3. Nikaanza na sukari. Maziwa yakafuata. Kufuli nimelitoa ila nazi hadi leo nazitupia jicho, huo upande Mungu bado hajateka. Lakini mwalimu, tangu hapo nikifika pale kwenye sala natulia kidogo, maana najua huyu ninayemwita akija atataka funguo.

Mwalimu_wa_Mikindani

Asanteni sana sana, mama Mkubwa nimecheka hadi mke wangu akaamka, halafu sikucheka tena. Nimechelewa kurudi hapa kwa sababu nilitaka Jumapili ipite kwanza.

Basi nikaingia darasani, nikaacha kitabu mezani. Nikawauliza, mgeni akitoka bara akafikia kwenu, kwenu kunakuwaje? Jamani mikono! Mmoja akasema chai inakuwa na maziwa. Mwingine akasema televisheni inafunguliwa anayotaka mgeni. Kuna kasichana kadogo huwa hakasemi kitu kakasema, "Sisi tunalala chini, yeye analala kitandani kwetu." Nikauliza, na mgeni akiwa ni mfalme? Wakanyamaza. Mmoja akasema labda tutatoka nje wote 😂 nikamwambia hapana, huyu mfalme anataka mkae naye humo ndani ila kitanda ni chake. Nikawasomea Warumi ile ya mzee. Nikawaambia habari ya mkulima anayelala, hiyo waliipenda mno, wakaanza kukoroma darasani, ikawa vurugu.

Plasta nimeongea na fundi aanze mwisho wa mwezi. Naomba ombi lenyewe polepole bado, siwadanganyi, ila ninapofika hapo sasa namtaja mtu mmoja ambaye kwake si polepole. Kuna jirani yangu hapa mtoto wake yuko hospitali, huu ni mwezi wa pili sasa.

Katekista Mstaafu

Tunamtaja na sisi. Na yule kijana wa kwanza, aliridhika?

Mwalimu_wa_Mikindani

Mzee, huyo tena! Tunamaliza, watu wameshasimama kwa sala ya kufunga, yeye mkono juu. Aliuliza, "Ticha, na huyo mgeni atakaa siku ngapi?"

Katekista Mstaafu

Luka 1:33. Lakini usimpe jibu Jumapili hii, mwache atafute mwenyewe.