Gego moja ndo labeba mzigo wote, naomba ushauri

Asalam aleikum wadau. Gego langu la chini kulia limelala kwa ndani, sasa nikifunga mdomo ndilo linagusa la kwanza kabla ya mengine, na juzi natafuna zangu kachri za muhogo pale Marikiti ile dawa ya kuzibia ikakatika, tena! Daktari akanipa kakaratasi ka rangi niume, alama nzito yote ikabaki hapo, kwengine rangi ya kupapasa tu. Ati meno yakipangana sawa nguvu yagawanyika kwa magego yote, nayo ndo yanayobana zaidi maana yako karibu na misuli ya taya, lakini moja likiinama lasukumwa kwa ubavu badala ya kukandamizwa wima, hapo ndo lapata ufa ama laanza kulegea. Sasa yeye ataka alisage kidogo pale juu ama niweke waya wa kunyoosha meno, na waya bei moto wallahi. Mie nina miaka 41 na usiku nasaga meno. Kuna aliyesagwa jino likatulia? Waya ukubwani wafaa kweli, ama nianze na ile plastiki ya kuvaa menoni nikilala? Mabuyu nishaacha, msinambie hilo.