Mwaka wa 6 kwenye mjengo, hakuna wa kunisainia: wahandisi wakubwa, tuwafanyie nini?

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sitaufuta huu uzi asubuhi.

Leo mchana injinia wetu alinituma garini kwake nimchukulie michoro, hapa saiti Kilimani, Nairobi. Nilipofungua mlango nikakuta ripoti zangu 4 ziko chini, mbele ya kiti cha abiria, pale watu wanapoweka miguu. Ni ripoti za mwaka jana mzima, moja kwa kila miezi mitatu. Nilimpa mkononi Januari. Moja ina alama ya kiatu cha matope juu ya jina langu. Mbili zimelowa, kurasa zimegandana. Nikamrudia nazo: "Injinia, hizi ndizo zile nilizokuomba unisainie." Akasema, "Ziache hapo juu ya simiti, kijana. Mimi nilingoja miaka 8. Wewe unakimbilia wapi?"

Miaka 8 yake inanihusu nini mimi?

Kwa wasioijua kazi hii: chuo ni miaka 5. Ukimaliza unasajiliwa na Bodi ya Wahandisi kama mhandisi mhitimu. Kisha Sheria ya Wahandisi ya 2011 inakutaka ufanye kazi si chini ya miaka 3 ukisimamiwa na mhandisi mtaalamu, ndipo nawe uombe kuwa mtaalamu na uhojiwe kuhusu kazi uliyofanya. Ushahidi wa miaka hiyo ni ripoti kama hizi zangu, zikiwa na sahihi ya msimamizi. Kabla ya hapo huwezi kuidhinisha mchoro wa jengo kwa jina lako. Wale mafundi wanaoniita injinia kutwa nzima wananiheshimu tu.

Na masharti yenyewe siyapingi. Aprili 2016 nilikuwa mwanafunzi wakati lile jengo la mtaa wa Huruma, hapa Nairobi, lilipoanguka usiku wa mvua, kando ya mto, likaua watu wapatao 50. Mtoto mchanga alitolewa chini ya vifusi akiwa hai baada ya siku 3, na sisi darasani tulikuwa tukifuatilia kwenye simu badala ya kumsikiliza mwalimu. Hapo ndipo niliacha kuota kazi ya mshahara mnono nikataka ile sahihi. Nilitaka siku moja jina langu likiwa kwenye mchoro, mama anayelala orofa ya kwanza na watoto wake alale. Nikaandika malengo yangu nyuma ya daftari la mwaka wa mwisho: 2019 mhitimu, 2022 mtaalamu, halafu nikishapata uzoefu wa kutosha, mhandisi mshauri mwenye ofisi yake. La 2019 nililitimiza. Baada ya hapo sijasogea.

Msimamizi wa kwanza nilikaa naye miaka 2 na miezi 4. Alisaini ripoti 2, kisha akapata kazi Kisumu akaondoka siku ya Ijumaa bila kutuaga. Nikimpigia anasema "nitumie nitaangalia". Nimemtumia mara nyingi mno.

Wa pili alikuwa mpole, mkarimu, ananinunulia chai na mandazi. Alisaini kila kitu. Mwaka na zaidi umepita ndipo namtafuta kwenye orodha ya Bodi, simwoni. Kumbe naye ni mhitimu kama mimi, tofauti ni kwamba ana mvi. Sahihi zake zote hazina maana. Siku hiyo nilipanda matatu ya Umoja nikapitiliza kituo changu bila kujua.

Wa tatu ndiye huyu wa leo.

Nataka mwelewe ni kitu gani kinapotea hapa. Mimi ndiye ninayejaza koni ya kupima konkriti, tabaka 3, kila tabaka nalishindilia kwa fimbo ya chuma mara 25, naiinua koni, napima konkriti imeshuka kiasi gani. Mimi ndiye ninayeandika tarehe kwenye michemraba ya konkriti na kuhakikisha inakaa majini mpaka siku ya 28 ikapondwe kupimwa nguvu. Juzi nilirudisha lori zima la konkriti lililokwama kwenye msongamano Mombasa Road mpaka konkriti ikaanza kuganda. Dereva alinitukana mbele ya vibarua, mwenye mradi akanipigia simu akifoka, na sikulegea. Kazi hiyo yote, kwenye karatasi, haikufanyika. Hakuna aliyeishuhudia.

Halafu kuna wanaouza sahihi. Jamaa mmoja mwenye muhuri halali aliniambia atanisainia miaka yote 3 kwa elfu 60, bila kukanyaga saiti hata siku moja. Mshahara wangu ni elfu 35. Na dada mmoja tuliyesoma naye aliombwa kitu kingine kabisa, si pesa. Aliacha kazi. Sasa anauza nguo Kamukunji, na katika hesabu za vyuma alikuwa akitushinda sote darasani.

Wakubwa mkienda kwenye makongamano mnalia kwamba Nairobi imejaa makanjanja wanaochora majengo. Makanjanja hao mnawatengeneza ninyi. Mwaka jana mwenye ploti mtaa wa Pipeline aliniletea elfu 40 nimchoree orofa 7 mahali ambapo mimi nisingeweka hata 4 kabla ya kuupima udongo. Nikamwambia sina usajili. Akacheka: "Wewe chora tu, wa kugonga muhuri ninaye." Nilikataa, na mwezi huo nilichelewesha kodi. Najua aliyekubali. Ni kijana wa rika langu, naye alichoka kungoja sahihi.

Ninyi mnaomaliza chuo mwaka huu, shikeni hili moja. Siku ya kwanza kazini, kabla hujapewa kofia, muulize msimamizi nambari yake ya usajili na umtafute kwenye orodha. Usione haya, usijali mvi. Na usikubali miezi mitatu ipite bila sahihi, hata ikibidi usimame mlangoni kwake na kalamu. Mimi niliona haya, ndiyo maana niko hapa.

Na wewe mhandisi mkubwa unayesoma huu uzi, angalia garini mwako. Angalia droo. Kuna miaka ya mtu humo ndani. Kusoma ripoti moja na kuitia sahihi hakukumalizii nusu saa.

Ripoti zangu sikuziacha juu ya simiti. Nimerudi nazo nyumbani, nimezianika kwenye kamba pamoja na soksi. Ile yenye kiatu nitaipiga chapa upya.

Naomba msaada kwa yeyote ambaye msimamizi wake aliondoka bila kumsainia na baadaye akafaulu kusajiliwa. Ulianzia wapi? Ulimfuata alikohamia, au ulitafuta mhandisi mwingine wa kampuni ileile aliyeiona kazi yako? Nauli ya Kisumu ninayo, na Jumamosi hii siingii kazini.