Kushona mfarishi chumba kimoja na simbilisi wa kulea masika haya, naombeni ushauri

MshonajiFuoni

Asalaam alaykum jamani. Naomba ushauri wa wanaojua kushona na wanaojua wanyama, na kama yupo anaejua vyote viwili ndo bora zaidi.

Jirani yetu wa zamani anakaa Mwanakwerekwe upande wa bondeni, na wanaopajua wanajua masika yakishika maji yanavyojaa pale, yanaingia mpaka ukumbini. Watoto wake wanafuga simbilisi, wanne, kizimba chao kiko nje chini ukutani, watoto wanalia kwamba wanyama wao watakufa na maji, basi nikawaambia nileteeni miye nikae nao mpaka mwezi wa sita. Wallahi nshawapenda. Yuko mmoja wa kijivu ana shungi kichwani, akisikia tu mfuko unachakarika jikoni anapiga mluzi wiii wiii mpaka wenzake wote wanainuka.

Sasa chumba nilichowaweka ndo chumba changu cha charahani, chengine kinavuja. Na mie nnashona mfarishi wa khanga za marehemu mama, wa mtoto wa mdogo wangu, yuko Wete anatarajia kujifungua baada ya masika inshaallah. Khanga nyengine zimechakaa pindoni lakini katikati bado nzuri, nataka nikate viraka niunge, chini niweke kitambaa kizima kipya, ndani sijaamua niweke nini. Masuali yangu ni haya, mlio wa charahani hauwatishi? manyoya na majani yao nifanyeje yasiingie kwenye nguo ya mtoto mchanga? na huu unyevu, mie nguo zinanishika koga na wao sehemu yao inarowa kila siku, nimewatandikia magazeti na maranda. Nguo zangu nazifukiza udi humohumo, na kuna mtu kanambia niweke na nafutalini kuzuia mende na harufu, nimesita. Nawalisha mchicha na maganda ya karoti. Naombeni msaada kabla mvua hazijachanganya.

Fundi_Mchangani

Waalaykum salaam dada. Mie nitasema ya nguo tu, ya wanyama wapo wenyewe.

Hizo khanga za mama zimefuliwa miaka, zisharudi zote zilivyotaka kurudi, hazina tabu. Tabu ni hicho kitambaa kipya cha chini. Ukikiunga hivyohivyo na wanga wake wa dukani, siku mfarishi unafuliwa mara ya kwanza chini kunarudi juu hakurudi, utakuta kazi yako yote imejikunja kama uso wa bibi kizee. Kiroweke, kifue kwa maji ya moto, kianike, kipige pasi, ndo ukate. Na kama kina rangi kali kifue peke yake mpaka maji yatoke meupe, maana rangi nyekundu ikitoka itaingia kwenye khanga za mama na haitoki tena.

Halafu kila khanga iinue uielekeze dirishani. Pale unapoona mwanga unapita kama chandarua usipategemee, ama upaache ama upatie marekani nyembamba kwa nyuma ukiwa unakata. Viraka vya inchi 6 vinatosha, ukishona robo inchi kila upande unabaki na tano na nusu, inagawika vizuri na kosa dogo halionekani. Vidogo zaidi ya hapo kwenye nguo kuukuu mshono unakuwa mwingi kuliko kitambaa.

Na jina la khanga usilikate dada yangu. Kata ule ukanda wote wa maandishi mzima mzima, uweke katikati au uzungushe pembeni badala ya pindo. Mtoto akikua atasoma maneno aliyokuwa anavaa bibi yake. Mie nimewahi kuletewa kazi kama hii jina limekatwa vipande vitatu, roho iliniuma.

Ukishaunga, tandika matabaka matatu sakafuni palipo pakavu na upige bandi kuanzia katikati ukienda pembeni, usianzie kona hata siku moja, kitambaa kinasukumana chote kinajaa mwisho. Sindano tumia namba 16, hatua ya charahani irefushe kidogo.

BiMkubwa_Konde

Mwanangu hongera kwa kuzihifadhi khanga za mamako, Mungu amrehemu. Sie Pemba mfarishi tulikuwa tunatia sufi, misufi imejaa huku, tunachambua kokwa tunaitia. Lakini kwa kazi yako hii sikushauri sufi. Nyuzi zake fupi na zinateleza, hazishikani, ukiufua inakimbilia upande mmoja unabaki na donge na uwazi. Mto sawa, godoro sawa, mfarishi mwembamba wa kufua kila mara hapana. Na vumbi lake likiruka chumbani kifua kinabana mtu seuze hivyo vinyama. Tia blanketi jembamba la mtumba, lile la pamba, ulifue kwanza. Joto letu hili mtoto hahitaji zaidi ya hapo, na uwe wa kumtandikia akicheza chini, mtoto mchanga asilale kajifunika mfarishi.

Jengine, kizimba usikiweke chini hata kama chumba ni kikavu. Masika siafu wanahama na wakiingia usiku kwenye kizimba hakitoki kitu kizima, nimeona kwa vifaranga. Weka juu ya meza, miguu ya meza kila mmoja ndani ya kopo la maji, na maji yenyewe yatie tone la mafuta ya taa mbu wasizalie. Na mchana ukifungua dirisha weka wavu, kunguru hawa hawana huruma.

Afya_ya_Mifugo

Dada nafanya kazi ya mifugo, simbilisi nimewaona wengi wanaletwa wakiwa wameshachelewa, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu.

La haraka kwanza, nafutalini hapana kabisa. Ule mvuke ni sumu kwa mnyama mdogo aliyefungiwa nao chumba kimoja. Udi pia fukiza chumba chengine, nguo zikishatulia ndo urudishe. Na pasi ya mkaa, kama umeme ukikatika ndo unatumia hiyo, pasia barazani. Mapafu ya simbilisi ni dhaifu, kinachowaua masika sana ni homa ya mapafu, na inakuja kwa vitu viwili, unyevu wa matandiko na hewa nzito. Ukimuona anapiga chafya, macho yana tongotongo, ubavu unacheza akipumua, usisubiri kesho. Na HAPA naomba wote msome, usimpe amoksilini wala ampisilini wala penisilini ya kunywa kutoka duka la dawa. Kwa mtu ni dawa, kwa simbilisi inaua bakteria wazuri wa tumboni wanaomsaidia kumeng'enya majani, wanabaki wabaya, anaharisha na anakufa. Zipo antibiotiki anazozistahamili lakini daktari wa mifugo ndo aseme ipi na kiasi gani kwa uzito wake.

Chakula. Simbilisi ni kama sisi watu, mwili wake hautengenezi vitamini C, lazima aile kila siku, kiasi cha miligramu 10 mpaka 30 kwa kila kilo ya uzito, na mwenye mimba zaidi. Akikosa wiki chache viungo vinavimba, anatembea kwa kujivuta, fizi zinatoka damu, watu wanadhani kavunjika mguu. Maganda ya karoti hayatoshi. Mpe kipande cha pilipili mboga kila siku, na pera kipande kidogo mara moja moja, pera lina vitamini C kuliko chungwa lakini lina sukari usizidishe. Mchicha usiufanye wa kila siku, una oksalati nyingi na unaweza kuchangia mawe kwenye kibofu, badilisha na matembele. Kisamvu kibichi usimpe, majani ya mbatata usimpe, majani ya mparachichi usimpe. Zaidi ya yote apate majani, ukoka, majani ya mahindi, asubuhi mpaka usiku asikose, meno yake yanaota maisha yake yote na majani ndo yanayoyapunguza. Masika majani yanakuja yamerowa, yakung'ute uyatandaze mpaka yakauke maji, yakishaanza joto katikati ya mzigo au yakinuka uvundo tupa. Mnyama asiyekula kitu siku nzima huyo ni mgonjwa wa dharura hata kama anaonekana mzima.

Sasa kushona. Mlio wenyewe wa charahani wanauzoea, mtikisiko ndo unaowatisha, usiweke kizimba kwenye meza moja na charahani. Wape boksi la kujificha lenye matundu mawili. Hatari kubwa ni nyuzi na pini. Simbilisi hawezi kutapika, akimeza uzi unakwenda kumfunga tumbo. Chora mpaka chumbani, upande wako na upande wao, mikato yote iende kwenye kopo lenye kifuniko, na wakitoka kucheza wasitoke siku ya kukata.

Mwisho, hao wanne ni majike au madume? Hujasema na ni jambo kubwa.

MshonajiFuoni

Allah akulipe kheri, nafutalini nimeitoa nje hata haijafunguliwa na udi umehamia ukumbini. Jinsia watoto wanasema "wawili wawili" basi. Huyo wa kijivu mwenye shungi tumbo limekuwa kubwa na pana, nilidhani ni kula tu. Na wote wako pamoja.

Mbena_Mahonda

Dada shikamoo kama ni mkubwa kwangu. Mimi kwetu Njombe, nipo Unguja kikazi, kwetu simbilisi tunafuga jikoni wanatembea chini kwenye joto la moto nimekua nao. Kama madume na majike wako pamoja huyo mwenye shungi ana mimba, usikae ukijiuliza. Wanabeba siku 59 mpaka 72, ndefu kwa mnyama mdogo vile, na ndo maana watoto wao wanazaliwa na manyoya na macho wazi, kesho yake unaona wanatafunatafuna majani na mama yao.

Leo hii tenga madume, usingoje azae. Jike akizaa anaweza kushika tena saa chache tu baadae, sasa dume akiwepo ndo hivyo tena, mama anachoka anakufa. Kutambua, mgeuze taratibu mkono mmoja umshike makalio, jike sehemu yake ina umbo kama herufi Y, dume utaona kidoti na ukibonyeza kidogo juu yake kiungo kinatokeza. Huyo mwenye tumbo USIMGEUZE na usimminye, muache. Watoto wa kiume nao wakifika wiki tatu watenge na mama na dada zao. Na waulize wenyewe ana umri gani, kama hajawahi kuzaa na kapita miezi sita saba mifupa ya nyonga inakuwa ishakaza, kuzaa kunaweza kumshinda, uwe na namba ya daktari karibu.

Afya_ya_Mifugo

Yote aliyosema huyu ni sahihi. Niongeze tu, huyo mjamzito pilipili mboga muongezee, na joto la chumba likipita nyuzi 30 muwekee chupa ya maji baridi iliyofungwa kwenye kitambaa aegemee. Maranda kama ni ya mbao zenye harufu kali yatoe, yanawasha pua. Magazeti yanashika maji juu hayanyonyi.

Na kwa kuwa unajua kushona, kwa nini usiwashonee tandiko? Juu flisi, yale mablanketi laini ya mtumba yanauzwa rahisi, katikati taulo kuukuu, chini pamba yoyote. Flisi mkojo unapita haubaki juu, taulo linanyonya, mguu wa mnyama unabaki mkavu. Ifue mara mbili tatu kwanza bila dawa ya kulainisha nguo ndo ianze kupitisha maji. Shona mengi maana masika hayakauki kwa siku moja, na kila asubuhi kung'uta vinyesi na majani nje.

BiMkubwa_Konde

Na mwanangu mfarishi wa mtoto ukimaliza kazi ya siku usiuache wazi, ukunje uuweke ndani ya shuka safi juu kabatini, jua likitoka hata saa moja tu utoe barazani. Hapo manyoya hayaufikii na koga haliushiki. Ukishakwisha ufue, uanike jua kali, ndo upeleke Wete.

MshonajiFuoni

Nimemtenga dume mmoja na mwengine nahisi pia ni dume, nimewapa boksi lao wawili hao wapo kimya hawagombani. Watoto nimewapigia, wanasema mwenye shungi alishazaa mara moja mwaka jana, alhamdulillahi nimepumua kidogo. Flisi nimeipata Darajani. Fundi nisaidie la mwisho, hili tandiko la matabaka matatu nikizungushia pindo kama la mfarishi wataitafuna ile kingo, nifunge vipi?

Fundi_Mchangani

Usizungushie pindo. Weka flisi na pamba uso kwa uso, taulo juu yake, shona pande zote ukiacha uwazi wa kiganja kimoja, geuza utoe nje, uwazi uzibe kwa mkono mishono midogo ndani kwa ndani. Kisha pitisha mishono mitatu minne ya charahani katikati taulo lisikimbie. Hapo kingo zote zimo ndani hakuna uzi wa kuvuta. Uzi tumia wa polista, wa pamba kwa mkojo na kufua kila siku unaoza upesi. Wa pamba weka kwenye mfarishi.