Tupeane uzoefu: Uko safarini na baiskeli peke yako, ukifika mjini unatembeaje kwa miguu?

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wale wanaokata masafa peke yao. Mambo ya upepo, malori na panchi tumeshayaongea sana humu. Leo nataka stori za siku ya mapumziko, unapoiacha baiskeli na kuuzunguka mji kwa miguu. Na kinachonisumbua hasa: ukiwa huna mwenzako, baiskeli na mizigo unamwachia nani?

Naanza. Nilitoka Dar, nikapita Chalinze na Segera hadi Tanga. Gesti niliipata Ngamiani. Nikataka kuegesha uani, dada wa mapokezi akakataa katakata: "Iingize chumbani kaka, huku baiskeli ni mali." Ni kweli, Tanga wanaendesha wazee, wanafunzi, kina mama, kila mtu. Mitaa ya Ngamiani inaitwa kwa namba, barabara ya 1 hadi ya 21, kwa hiyo mgeni hapotei. Nilikaa muda mrefu kwa fundi mmoja aliyekuwa ananyoosha ringi. Anaipiga kila spoku kwa ukucha, anasikiliza, iliyolegea inatoa sauti nzito, anaikaza, anapiga tena. Mchana nikashuka hadi boma la Wajerumani, siku hizi ni makumbusho. Mzee mmoja kwenye kahawa akanimalizia mambo ya vita vya Novemba 1914, Waingereza na majeshi yao ya India walivyotimuliwa, na nyuki nao wakaingia vitani.

Dada wa Nyanda za Juu:
Mimi ni mwanamke, kwa hiyo kabla ya mizigo nauliza kwanza chumba kinafungwaje. Mji wangu ni Iringa. Mikumi sikuendesha, barabara inakatiza hifadhini na wanyama wapo, nikapakia baiskeli kwenye basi. Mlima Kitonga nilisukuma sehemu kubwa, tusidanganyane. Kufika Iringa mapaja yamekufa. Wengi watakwambia lala siku nzima. Mimi naona kutembea taratibu kunalegeza misuli kuliko kitanda. Alfajiri nilipanda Gangilonga, ukiwa juu ya lile jiwe mji wote uko chini yako. Kalenga, lilipo fuvu la Mkwawa, yule chifu wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954, nilikwenda siku ya pili, na huko nilienda na baiskeli.
Kuhusu wizi: nachomoa gurudumu la mbele na siti, naviweka chini ya kitanda, fremu naifunga mnyororo. Atakayeiba aibebe begani.

Tairi Bapa:
Nyie mna hela za gesti. Mimi naomba hifadhi kituo cha polisi, baiskeli inalala kaunta, naenda zangu kuzurura.

Mzee wa Keria:
Tairi Bapa, asubuhi ukienda kuichukua hawakuambii ulete mdhamini? 😂

Mwana wa Kisiwani:
Mie niko Mombasa. Ukitokea Tanga kwa mpaka wa Horohoro utaingilia Likoni, na kwenye feri mwenda kwa miguu halipi. Tafadhali Mji wa Kale msiingie na baiskeli yenye mabegi huku na huku. Vichochoro ni vyembamba, mikokoteni na tuktuk zapita humo humo, utaziba njia na watu watakutazama tu kwa adabu. Anzia Fort Jesus, ngome walioanza kuijenga Wareno mwaka 1593, shika Ndia Kuu, pita Msikiti wa Mandhry, utokee bandari ya zamani. Nendeni asubuhi au baada ya alasiri. Saa saba mchana mwaona milango tu, na yote imefungwa. Magharibi ndiyo raha yenyewe: viazi karai kwa ukwaju, kisha kahawa tungu barazani. Ukiketi utoe salamu kwanza, maswali baadaye.

Mleta uzi:
Shukran sana. Sasa nikija huko, baiskeli naiacha wapi?

Mwana wa Kisiwani:
Muachie fundi. Mpe kazi: aoshe cheni, akaze breki. Mlipe nusu, nusu ukirudi. Fundi anayekudai hawezi kuiacha ikapotea.

Dada wa Nyanda za Juu:
Hii naichukua. Na mabegi je?

Mwana wa Kisiwani:
Mabegi gesti, dada. Pasi na pesa kiunoni.