Pau za chati zimekaa kinyume: upange data, ugeuze mhimili, au utengeneze jedwali la pembeni?

KaraniTakwimu
Wakuu, habari za kazi. Nina jedwali la sensa ya 2022, mikoa mitano ya Tanzania yenye watu wengi kuliko mingine. Mikoa iko A2 hadi A6, idadi iko B2 hadi B6, kwa mpangilio wa alfabeti:

Dar es Salaam 5,383,728
Dodoma 3,085,625
Morogoro 3,197,104
Mwanza 3,699,872
Tabora 3,391,679

Nataka chati ya pau za kulala, mkoa mkubwa ukae juu na mdogo chini. Excel inaiweka Dar es Salaam chini kabisa na Tabora juu. Naziona njia tatu: kupanga data yenyewe, kugeuza mhimili (mstari wenye majina ya mikoa), au jedwali la pembeni, yaani nakala iliyopangwa kwa fomula. Ipi inadumu namba zikibadilika, na kila moja inaharibikia wapi? Karatasi nyingine mbili zinasoma jedwali hili kwa fomula.

FundiChati
Excel haijakosea. Mhimili unaanza kuhesabu kwenye kona ya chini kushoto, kwa hiyo mstari wa kwanza wa jedwali unakaa karibu na kona hiyo, yaani chini.

Kugeuza: bofya mara moja majina ya mikoa kwenye chati, bonyeza Ctrl+1, kisha weka tiki kwenye "Categories in reverse order". Dar es Salaam itapanda juu. Hapo hapo namba za mhimili wa chini nazo zitaruka juu ya chati, na wengi hudhani wameharibu kitu. Hujaharibu. Umegeuza mhimili mzima pamoja na sehemu unapokatana na mwenzake. Kwenye kidirisha hicho hicho, chini ya "Horizontal axis crosses", chagua "At maximum category". Namba zinarudi chini.

Ila elewa kwamba kugeuza hakupangi. Alfabeti yako itabaki alfabeti, sasa ikisomeka kutoka juu: Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro, Mwanza, Tabora. Ukubwa wa pau haujaguswa.

Mama_Jedwali
Basi panga data moja kwa moja. Ukipanga B kutoka ndogo hadi kubwa, Dar es Salaam inaangukia A6, na kwa sababu Excel inachora kuanzia chini, inatokea juu ya chati bila kugusa mhimili. Kwa ripoti ya mara moja sioni sababu ya kuhangaika zaidi.

Ukichagua safu wima B peke yake, Excel itakuuliza. Jibu "Expand the selection". Ukijibu vinginevyo, namba zinahama na majina yanabaki, na chati itaonekana nzuri tu huku Dodoma imepewa idadi ya mkoa mwingine. Kama kuna seli zilizounganishwa ndani ya jedwali, zitenganishe kwanza, maana kupanga kutakataa. Namba zilizoingia kama maandishi zinajipanga baada ya namba halisi, na pau zake zinachorwa sifuri.

FundiChati
Mama_Jedwali, kwa jedwali linalosimama peke yake nakubaliana nawe kabisa. Hapa hapana. Karatasi nyingine zinalisoma. Kama huko kuna fomula inayochukua B2 ikiamini ni Dar es Salaam, baada ya kupanga itachukua idadi ya Dodoma bila kuonyesha kosa lolote. Zinazotafuta kwa jina, kama VLOOKUP yenye FALSE mwishoni, zitasalimika.

Rangi nazo zinafuata nafasi, hazifuati mkoa. Ukiwa umeipaka pau ya Dodoma nyekundu, ambayo ni ya pili kutoka chini, baada ya kupanga wekundu utabaki kwenye pau ya pili, na hapo sasa ni Morogoro.

SafuWima
Jedwali la pembeni linaondoa yote hayo. Kwenye Excel 2021 au Microsoft 365, andika D2:

=SORTBY(A2:B6,B2:B6,1)

Moja ni kupanda, -1 ni kushuka. Chora chati kutoka D2:E6. Namba ikibadilika kwenye B, pau zinajipanga zenyewe na jedwali la asili halijaguswa.

Kwa Excel za zamani kazi ni ndefu kidogo. C2 weka =B2+ROW()/1000000 ukokote hadi C6; kipande hicho kinatofautisha mikoa yenye idadi sawa, la sivyo MATCH, inayotafuta namba iko nafasi ya ngapi, itarudia jina la kwanza mara mbili. E2 weka =SMALL($C$2:$C$6,ROWS(E$2:E2)), D2 weka =INDEX($A$2:$A$6,MATCH(E2,$C$2:$C$6,0)), na F2 fomula ile ile ya INDEX ukibadilisha $A kuwa $B. Zikokote zote hadi mstari wa 6, kisha chora D na F. C na E ni za kusaidia tu.

Rangi ya Dodoma itengenezee safu wima yake: =IF(D2="Dodoma",idadi,NA()), idadi ikiwa seli ya E2, au F2 kwa njia ya zamani. Iongeze kwenye chati kama mfululizo wa pili (seti ya pili ya pau), kisha "Series Overlap" iwe 100%. Wekundu utaifuata Dodoma popote itakapokwenda.

Calc_Huru
Kwenye LibreOffice, bofya chati mara mbili, bofya kulia mhimili wa majina, "Format Axis", kichupo cha "Scale", tiki "Reverse direction". Kurudisha namba chini hakufanyiki hapo kama Excel. Fungua mhimili wa namba wenyewe, kwenye nafasi yake chagua "End". Google Sheets inaanza juu tangu mwanzo, kwa hiyo =SORT(A2:B6,2,FALSE) inatosha.

KaraniTakwimu
Nimeichukua SORTBY, asanteni sana. Chati ya pili ni ya miezi. Nikipanga napata Agosti, Aprili, Desemba, Februari...

Mama_Jedwali
Hiyo ni alfabeti. Weka safu wima ya namba 1 hadi 12 pembeni, panga kwa hiyo. Inafanya kazi kwenye programu yoyote.

SafuWima
Na kama miezi ni tarehe halisi zilizoumbizwa tu, utakutana na shida ya kinyume: unapanga, chati haibadiliki. Excel ikiona tarehe inatumia mhimili wa tarehe, na huo hufuata kalenda tu, hata ukianza na Desemba. Ctrl+1, "Axis Type", chagua "Text axis", ndipo itafuata mpangilio wa mistari ya jedwali.

KaraniTakwimu
La mwisho: nikiongeza safu wima ya sensa ya 2012, ipi itakuwa juu ndani ya kila mkoa?

FundiChati
Mfululizo wa kwanza unakaa chini, kwa kanuni ile ile ya kona. Kama 2012 ni wa kwanza, 2022 ndiyo itakuwa juu. Kubadilisha: bofya kulia chati, "Select Data", chagua mfululizo, tumia mishale ya juu na chini. Au bofya pau za mfululizo huo, tazama upau wa fomula; mwisho wa =SERIES(...) kuna namba, 1 au 2. Hiyo ndiyo zamu yake, ibadilishe hapo hapo, Enter. Ukumbuke tu kwamba ukigeuza mhimili wa majina, mifululizo nayo inageuka ndani ya kila mkoa, kwa hiyo amua kwanza kuhusu mhimili ndipo ushike mishale.