Naandika kila wiki lakini wasomaji hawaji, nimwandikie mtu au niiandikie Google?

Fundi_Maandishi:
Habari zenu wadau. Nina tovuti ya mafunzo ya kutengeneza simu, ina makala kama 40 hivi na zote nimeziandika kwa mkono wangu. Kuna kozi nilisoma, mwalimu alisisitiza neno kuu, yaani lile watu wanalotafutia Google, lirudiwe kila aya na makala isipungue maneno 2000, nikafuata hivyohivyo. Mwaka unakatika sasa, wanaoingia wachache halafu wanatoka hapohapo, kwakweli inaniumiza maana kazi naijua. Mfano hii makala, kichwa chake "Changamoto za Uchajishaji wa Simu Janja na Utatuzi Wake" na inaanza hivi: "Katika ulimwengu wa sasa simu janja ni kifaa muhimu. Changamoto za uchajishaji wa simu janja huwakumba watumiaji wengi wa simu janja..." Nakosea wapi?

KalamuNyepesi:
Mkuu pole, ila jibu lipo kwenye hicho kichwa chako. Hebu mfikirie mtu simu yake imebaki asilimia 3, kaazima simu ya mwenzake, anaandika nini pale Google? Anaandika "simu haichaji", basi. Hiyo "changamoto za uchajishaji" hakuna mtu anaitamka akiwa na shida, ni lugha ya ripoti. Halafu akifika kwako unaanza kumwambia simu ni kifaa muhimu, si anajua ndo maana amekuja!

Mimi ningeandika hivi:

"Simu haichaji? Anza na tundu la chaji
Zima simu, mulika tochi ndani ya tundu. Ukiona vumbi limegandamana kama pamba, litoe taratibu kwa kijiti cha mbao, usiingize sindano. Chomeka tena. Ikigoma, jaribu waya mwingine kabla hujaanza kuilaumu betri."

Hapo hamna neno nililolirudia kwa makusudi lakini simu, chaji, tundu, waya, betri, vyote vimeingia vyenyewe kwasababu ndo vitu vinavyozungumziwa. Google inapata cha kusoma na mwenye shida anapata pa kuanzia ndani ya sekunde kumi. Kwahiyo lile swali lako la mtu au Google, mtu akishahudumiwa sehemu kubwa ya kazi ya Google umeshaimaliza.

Bi_Mhariri:
Naungana na KalamuNyepesi. Hiyo ya kurudiarudia neno ni mafundisho ya zamani sana, Google wenyewe wanaihesabu kama taka kwenye masharti yao. Hata ile sehemu iliyojificha kwenye kodi ya ukurasa (yale maandishi ya kompyuta yanayoujenga) ambapo watu walikuwa wanarundika maneno ya kutafutia, Google walitangaza 2009 kwamba hawaiangalii kupanga matokeo. 2011 wakaleta badiliko lililoitwa Panda likashusha tovuti nyingi zenye makala nyepesi, na Agosti 2022 wakaja na jingine la kupunguza makala zilizoandikwa kwa ajili ya mashine tu, 2024 wakaliingiza ndani ya mfumo wao mkuu. Na hakuna idadi ya maneno wanayoitaka, hiyo 2000 iachie hukohuko kwenye kozi.

Kingine mdogo wangu, watu hawasomi tovuti kama kitabu. Jakob Nielsen, mtafiti wa namna watu wanavyotumia tovuti, alipima mwaka 1997 akakuta asilimia 79 wanapitisha macho tu, wanaosoma neno kwa neno ni 16. Ni zamani ila jiangalie na wewe unavyoskroli. Ndo maana vichwa vidogo viseme kitu kamili, sio "Utangulizi", andika "Waya ukiwa mbovu utaujuaje".

Nanga77:
Mimi nataka kupinga kidogo, msimtishe akaanza kukatakata kila kitu. Makala ya kubadilisha kioo ina hatua nyingi na ukiifupisha mtu atavunja simu yake, hiyo iache ndefu, weka picha kila hatua na kila picha iwe na maelezo kwenye kodi, asiyeona atasomewa na simu yake, Google nayo itaielewa. Kinachotakiwa kutoka ni ile mikia ya kujazia tu. Halafu kabla hujagusa chochote fungua Google Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, kuna sehemu inaonyesha maneno watu waliyoandika mpaka ukurasa wako ukatokea. Hayo maneno ni ya wasomaji wako wenyewe bure kabisa, usikae unakisia.

Fundi_Maandishi:
Aisee asanteni sana, nimeingia huko saa hizi. Ile makala ya chaji imetokea mara nyingi sana kwa "simu inaonyesha inachaji lakini asilimia hazipandi" na waliobonyeza ni wawili tu!! Na humo ndani hilo tatizo nimeligusa sentensi moja, tena mwishoni kabisa. Nilijazie humohumo au nilitengenezee ukurasa wake?

KalamuNyepesi:
Lipe ukurasa wake, maana hata dawa yake ni tofauti. Isiyochaji kabisa unaanza na tundu, isiyopanda unaanza na kichwa cha chaji chenye nguvu ndogo na programu zinazokula umeme kwa nyuma. Kichwa andika vilevile walivyoandika wao, na kwenye ile ya mwanzo weka linki ya kwenda huko. Ila usije ukatengeneza kurasa tano za "haichaji", "imegoma kuchaji", "haipeleki chaji", hizo shida ni moja na jibu ni moja, ziweke pamoja.

Fundi_Maandishi:
Sawa mkuu, naanza na hiyo usiku huu, kichwa cha chaji kwanza.