Mtia nia anataka kuwa mlezi wa tawi letu la Yanga hapa Dodoma. Tukubali au tumkwepe?

Katibu wa Kijiwe:

Mbukwenyi wakuu.

Naombeni ushauri. Wale wa matusi nanyi karibuni, ila mjibane kidogo, kuna watu wazima humu.

Mimi ni katibu wa tawi dogo la Yanga hapa Dodoma mjini. Kata siitaji maana mji huu tunajuana. Si tawi la kutisha: kibanda umiza tulichopanga, bango, televisheni moja nzima na nyingine ya kubahatisha, na wanachama wanaochanga elfu mbili kwa mwezi wakikumbuka. Kuna bodaboda, mama lishe, walimu, vijana wa chuo, na watumishi wa Mtumba waliohamia huku na serikali. Kisiasa ni mchanganyiko. CCM wapo wengi, Chadema wapo, na ACT yupo mmoja ambaye kelele zake zinatosha watu kumi. Siku ya mechi hakuna anayeuliza kadi ya mtu.

Sasa amejitokeza mdau. 2030 bado iko mbali lakini mwenzetu ameshaanza kupasha, anautaka udiwani kupitia chama tawala. Anasema atalipa kodi ya kibanda mwaka mzima, atalipia kisimbusi, na Yanga wakija kucheza na Dodoma Jiji pale Jamhuri tiketi ni juu yake. Anachotaka ni tumtangaze kuwa mlezi wa tawi, akiwa na shughuli zake tufike na jezi, na tumpe daftari la wanachama lenye majina, namba za simu na mtaa anaokaa kila mmoja, "ili awajue watu wake".

Mwenyekiti wetu keshapokea boksi la jezi. Nimefungua moja nikaikagua. Kifuani kuna nembo ya klabu, imekaa upande kidogo. Mgongoni, pale pa namba, kuna sura ya mheshimiwa mtarajiwa akipunga mkono, na chini yake jina lake kwa herufi ambazo hata mfungaji bora hajawahi kuandikiwa.

Nusu ya wanachama wanasema hela ni hela, na kweli kodi tunadaiwa. Nusu nyingine wanasema siku jezi hiyo ikivaliwa, wao hawakanyagi tena kibandani. Kikao ni Jumapili.

Mnyama wa Kizota:

Kwani hili nalo la kuombea ushauri? Utopolo, ninyi Yanga, toka zamani ni CCM, rangi zenyewe kijani na njano. Pokeeni jezi mnyamaze.

Mtoto wa Majengo:

Mnyama, usipotoshe watu. Yanga ni ya 1935. TANU imezaliwa 1954, CCM 1977. Kama kuna aliyemwiga mwenzake, hesabu unaijua.

Halafu tuambie, Ismail Aden Rage alipokuwa mwenyekiti wenu huko Simba, ubunge wa Tabora Mjini alikuwa nao kwa chama gani? Mo Dewji alikuwa mbunge wa Singida Mjini kuanzia 2005 hadi 2015, kwa tiketi ya nani? Na Zitto Kabwe ni Simba wa kutupwa, yuko upinzani. Jezi nyekundu haijawahi kumfanya mtu kuwa mpinzani.

Mnyama wa Kizota:

Rage umenipata, hilo nakuachia. Lakini jengo lenu la Jangwani mlisaidiwa na Karume, au nalo nadanganya?

Mzee wa Zabibu:

Hudanganyi kijana, ila unasimulia nusu. Karume aliwasaidia, na wazee wengi wa Yanga walikuwa TANU. Sasa niambie, kwa miaka ile ungempata wapi mtu wa mpira Dar es Salaam asiyekuwa TANU? Baadaye chama kikawa kimoja kisheria, nchi nzima ikawa humohumo, Simba na Yanga na Coastal na wote.

Mnachosahau ni uwanja. Viwanja vya mikoani vilijengwa enzi za chama kimoja, na wananchi walichangia, wengine kwa fedha, wengine kwa kubeba mawe. Vyama vingi viliporudi 1992 viwanja vikabaki mikononi mwa CCM: Kirumba, Sokoine, Ali Hassan Mwinyi kule Tabora, na huu Jamhuri wetu. Kwa hiyo Mnyama akiwa Chadema, akienda Jamhuri kuwazomea Dodoma Jiji, Walima Zabibu wetu, zege analokalia ni la chama asichokipenda. Mnabishania rangi ya jezi! Mimi nilishaacha kubishana hayo, naingia, naangalia mpira, natoka.

Bwege Mtulivu:

Mleta uzi, chukua. Kura ni siri yako. Huku kwetu Chamwino kila msimu kuna kombe la mtu fulani, mshindi wa kwanza mbuzi, wa pili seti ya jezi. Tunacheza, mbuzi tunamla, na mwenye kombe wa mwisho hata kura za maoni hakutoboa. Alichopata ni picha.

Katibu wa Kijiwe:

Bwege, nakuelewa, ila mbuzi mnamla siku moja mnatawanyika. Huyu anataka mwaka mzima, na jina lake likae kwenye bango letu.

Dada wa Nkuhungu:

Mmejaza uzi mambo ya rangi, na jambo zito mleta uzi kaliandika katikati mkaliruka. Daftari.

Jezi hata dukani anaweza kununua. Kodi ya kibanda kwake ni hela ya kutolea nje. Kitu ambacho hana, na hakiuzwi popote, ni orodha ya watu wa kata yake ambao tayari wanakutana kila wiki, wanaaminiana, wana namba za simu na mtaa umeandikwa. Angeanza kuitafuta nyumba kwa nyumba ingemchukua muda na viatu. Ninyi mnataka kumpa bure mkidhani mmelipwa kodi.

Mwaka 2023 Rais aliposema goli moja la kimataifa milioni tano, baadaye ikapanda kumi, Yanga walipata na Simba walipata. Unaweza kusema ilikuwa siasa, sawa, mimi pia naona ilikuwa siasa. Lakini hakuna shabiki aliyeombwa namba ya simu ili mshambuliaji wa Yanga, Mayele, afunge.

Yule mama lishe aliandika namba yake kwako katibu ili apigiwe ikitokea msiba au mchango. Akianza kupata meseji za mtu asiyemjua zinazomwita kwenye mkutano, atakuuliza wewe. Na huyo kijana wa ACT, jina lake na mtaa wake viko humohumo.

Mtumishi Mpole:

Dada umemaliza. Mimi nipo kwenye tawi kama hilo, si hilo lenu. Kama mtumishi naruhusiwa kuwa na chama changu, lakini siasa naiacha nje ya ofisi. Nikipigwa picha na sura ya mtia nia mgongoni, picha itaingia kwenye grupu la idara kabla sijafika nyumbani. Jezi ya Yanga yenyewe nimevaa Ijumaa mbele ya bosi wangu ambaye ni Simba, tukacheka yakaisha. Hiyo nyingine ni habari tofauti kabisa.

Wakili wa Mtaani:

Naongeza kidogo, wala sitozi.

Daftari kwanza. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Taarifa mtu aliyokupa kwa ajili ya tawi huigawi kwa mwingine kwa shughuli nyingine bila yeye kuridhia. Katibu ndiye unayelishika hilo daftari, kwa hiyo kesi ikija inaanzia mlangoni kwako, mwenyekiti atakuwa anasema hakuona.

Zawadi nazo zina historia. Enzi fulani takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, ilikuwa halali kwenye sheria ya uchaguzi, Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006. Ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, na hiyo inafuata hadi mchakato wa kupata mgombea ndani ya chama. Sisemi huyu bwana kavunja sheria leo, miaka yote hii kabla ya kampeni. Ila mpinzani wake ndani ya chama chake mwenyewe atapenda sana kuona hizo jezi.

Mwisho, nembo ya klabu kuchapishwa na mtu binafsi pamoja na sura yake: klabu inauza jezi, hiyo ni biashara yake. Ulizeni kwanza ngazi ya juu ya matawi kabla hamjavaa.

Mnyaturu Halisi:

Mimi naongelea habari ya kumtegemea mtu mmoja. Sisi Singida tumeimba Singida United, ikapanda kwa mbwembwe nyingi, ikashuka. Ikaja Singida Big Stars, kabla yake ikiitwa DTB. Ikawa Singida Fountain Gate. Ikahamia Manyara, na Ihefu iliyotoka Mbeya ikawa Singida Black Stars. Mtoto wangu ana jezi za majina yote hayo na hajamaliza shule ya msingi. Mwenye hela akibadili mawazo, jina linabadilika na ninyi mnajifunza wimbo mpya. Yanga kubwa hawawezi kuifanyia hivyo, ila kitawi chenu cha kibanda kimoja wanakiweza.

Katibu wa Kijiwe:

Asanteni. Shida iliyobaki ni mwenyekiti. Ni mtu mzima, ndiye aliyelianzisha tawi, na boksi keshalipokea mbele za watu. Nikimpinga kikaoni nitaonekana nimemvunjia heshima.

Mzee wa Zabibu:

Usimpinge kikaoni. Mwendee nyumbani Jumamosi jioni, mwenyewe, umsalimie, mzungumze. Mwambie kuna watumishi na wapinzani watakaoondoka, umtajie majina, halafu mwachie yeye alete hoja Jumapili. Boksi akirudisha yeye, ni uamuzi wa mwenyekiti. Ukirudisha wewe ni ugomvi.

Dada wa Nkuhungu:

Na huyo mdau msimfukuze. Kama ni Mwananchi kweli, yaani mtu wa Yanga, aandikwe kwenye daftari kama wengine, achange elfu mbili, akitaka kutoa zaidi atoe na apewe risiti. Mtakuja kumwona.

Katibu wa Kijiwe:

Mrejesho wa Jumapili. Nilikwenda kwa mzee Jumamosi, alinisikiliza bila kusema kitu, nikaondoka sijui nimefaulu au la. Kikaoni akasimama mwenyewe akasema tawi halina mlezi ila klabu, jezi zirudi, na daftari lisitoke kwa katibu hadi wanachama wapige kura. Wa "hela ni hela" walinung'unika, wawili wakatoka nje kuvuta sigara wakarudi. Mdau kapigiwa simu, kasema atalifikiria suala la uanachama. Ya elfu mbili bado hatujaiona.

Bwege Mtulivu:

Na kodi?

Katibu wa Kijiwe:

Tumechangishana palepale. Imepungua elfu ishirini, na mwenye nyumba anataka yote kabla ya mechi ya Jumamosi.

Mnyama wa Kizota:

Weka namba ya kutuma mkuu. Nawapa elfu tano ya ujirani mwema. Mkifungwa Jumamosi mnanirudishia kumi, na risiti nataka iandikwe "kutoka kwa Mnyama" muibandike hapo ukutani.